Tete Nyuma ya Mlango wa Nkambo

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, miaka tisa hivi, siku nilipompima mdogo wangu Solange kwa tete la maiti. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na karibu mara zote nimekisimulia vibaya. Mwaka huu, kwenye kilio cha babu yetu, nilikisimulia vibaya mbele ya lupango, ua wetu uliojaa watu hadi barabarani, na nikapigiwa makofi. Ndiyo maana naandika. Nataka kukiandika sawasawa mara moja, halafu ninyamaze.

Babu yetu aliitwa Donatien. Kwetu Lubumbashi babu ni nkambo na bibi ni nkambo, kwa hiyo tulikuwa na Nkambo Donatien na Nkambo Feliste, na ukiita "Nkambo!" tu, wote wawili wanaitika, kisha wanagombana ni nani aliyeitwa. Walikaa mtaa wa Hewa Bora. Mimi na Solange tulilelewa nao, maana baba na mama walikuwa Mitwaba kwenye biashara ya mahindi, tukiwaona mara mbili au tatu kwa mwaka.

Mikono ya Nkambo Donatien haikujua kukaa. Alishona nguo, aliranda mbao, alifufua redio zilizokwisha kukatiwa tamaa, na kila Jumapili alipiga akodioni kanisani. Kama jino lilikuwa linakusumbua, alikung'olea kwa koleo lililochemshwa, kisha akakupigia akodioni mpaka uone aibu kulia. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kuimba. Sauti yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta, na mzee wa watu aliimba kutwa. Nkambo Feliste alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni: "Donatien, Mungu alikupa bidole, sauti alisahau! Utuhurumie!" Naye ndio kwanza anaongeza.

Alikuwa na chumba kimoja cha kazi. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani, na hapo aliwashonea walio hai. Upande wa ndani palikuwa na meza ya kurandia, na hapo aliwatengenezea wafu masanduku yao. Wengine husema majeneza. Hakuna aliyeona ajabu. Mwanamke angekuja kujaribu gauni la arusi, akaketi juu ya mbao za sanduku akingoja zamu yake, akila karanga.

Lakini vipimo havikuchanganywa hata siku moja. Walio hai Nkambo aliwapima kwa utepe, ambao haukumtoka shingoni. Wafu hakuwapima yeye. Watu wa familia walikata tete, unyasi mrefu wa mtoni, sawa na urefu wa marehemu wao, wakalifunga kitambaa cheusi kwenye ncha, wakamletea. Sanduku likiisha, tete linaingia humo humo na kwenda na mwenyewe. Tete la maiti halilali nyumbani kwa watu, na halimpimi mtu aliye hai, kwa sababu tete linakumbuka. Linamkumbuka mtu wa mwisho liliyempima, na linamtafuta. Nkambo Feliste alitusimulia habari za mlevi mmoja wa zamani aliyelishika tete mlangoni kwa mzaha, akajipima nalo huku akicheka. "Hata mufuko ya makala ya kupikia yenye alianza, hakuimaliza," alisema, akiendelea kuchambua lenga-lenga zake. Mimi leo ni mwalimu wa hesabu, na naweza kukuonyesha kwamba mlevi yule angekufa hata bila tete. Lakini ukiwa na miaka tisa, nkambo wako anapochambua mboga huku anasema kitu, kitu hicho ni kweli.

Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, mvua kila alasiri. Familia moja ilileta tete la mama yao, halafu ndugu zao wa mjini wakanunua sanduku lililokwisha kutengenezwa, na hakuna aliyerudi kuchukua tete. Nkambo alilisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kazi. Alisema Jumamosi atalipeleka mwenyewe makaburini. Lakini Bonane ilikuwa inakaribia, na kwa fundi cherehani siku za kabla ya Mwaka Mpya hazina Jumamosi. Ikapita ya kwanza, ikapita ya pili.

Kila Bonane Nkambo aliwashonea wajukuu wake wa kike nguo za kitambaa kimoja. Siku hiyo yeye na Nkambo Feliste walikuwa wamekwenda sokoni kutafuta uzi na vifungo. Mimi nikaamua kuwa fundi.

"Solange, simama ku ukuta nikupime robe yako."

"Na nini? Metre Nkambo anaenda nayo."

"Na hii."

Alisimama, akabana visigino, akanyoosha shingo mpaka mishipa ikatoka, maana alitaka sana kuwa mrefu. Nikaweka tete ubavuni mwake, nikatia alama ya chaki pale kichwa kilipoishia. "Uko mulefu sawa mama mukubwa," nikamwambia. Akacheka, akakimbilia nje kuwaambia majirani.

Hapa ndipo nilipokuwa nadanganya kila mara. Nilikuwa nasema sikujua ni tete la nini. Nilijua bwana! Kitambaa cheusi nilikiona. Nilijiambia tu kwamba kitu chembamba namna ile, ambacho hata kuku huwezi kumfukuza nacho, hakiwezi kuwa na nguvu yote ile ya kwenye masimulizi, na nilitaka kuona. Sikujipima mimi. Nilimpima mdogo wangu.

Siku ya tatu Solange aliamka na homa. Jioni mwili ulikakamaa, macho yakageuka, na Nkambo Donatien akambeba mbio hadi dispansari, akodioni ya watu wa kwaya, aliyokuwa akiitengeneza, ikibaki wazi mezani. Ilikuwa palu, malaria ile mbaya inayopanda kichwani. Nkambo Feliste alibaki naye huko, amekaa kwenye kibao kando ya kitanda, anaangalia serumu ya dripu ikidondoka. Mimi na Nkambo Donatien tulirudi nyumbani, nikaacha kula. Nkambo alinipikia mwenyewe bukari, ugali wa kwetu, akanitolea samaki miiba. Bukari ikikaribia mdomoni, nairudisha sahanini.

Siku nyingine mbili zikapita. Ya pili, saa nane za mchana, Nkambo alirudi kutoka dispansari kuchukua blanketi. Nilimsikia akimwambia jirani pale kwenye ua kwamba dawa zimeingia zote na mtoto haamki, na kwamba muuguzi amewaambia waombe Mungu. Nilikuwa nimejificha chini ya meza ya kurandia. Nikatoka na vumbi la mbao kichwani.

"Nkambo, ni miye."

"Ni weye nini, mama?"

"Nilipima Solange. Na tete ya nyuma ya mulango."

Aliangalia nyuma ya mlango. Kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani, blanketi mapajani. Mimi nilisimama nikingoja kofi. Nilikuwa nalitamani lile kofi, nakuambia.

"Ulimupima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kisha yeye, ulipima muntu mwingine?"

"Hapana."

"Basi ni yeye wa mwisho." Alijipangusa uso kwa mikono yote miwili. "Sikia, mama. Kosa hapana yako. Mutoto ni mutoto. Ni miye mukubwa mwenye kuacha kintu sawa ile mu nyumba ya batoto. Unasikia?"

Nikasema nasikia. Halafu, mara moja, uso wake ukabadilika, ukawa ule wa siku zote, wa mtu anayetaka kukutania. Alisimama, akavua sandali, akachukua tete, akanikabidhi.

"Bon. Tete inakumbuka muntu wa mwisho tu, si vile? Tuiletee mwingine."

Akalala chali chini, kwenye maranda ya mbao, mikono kifuani. Nilielewa, na nikaanza kupiga kelele kwamba sitaki, kwamba atakufa. Akageuza kichwa, akakitaja kifo, lufu, kama anayemtaja jirani.

"Miye? Miaka hii yote miye natengenezea lufu masanduku. Tuko mafundi wa kazi moja, miye na lufu. Itanifanya nini? Pima. Mukono yako njo ilipima Solange, mukono yako njo itapima miye."

Nikapima. Kwa haraka zangu tete likamgonga paji la uso. Niliweka ncha moja kwenye utosi, nikashuka nalo kifuani, tumboni, nikapita magoti kidogo, na likaisha. Lilikuwa la mama mfupi. Miguu ya Nkambo, kuanzia katikati ya goti na kisigino, ilikuwa nje ya kipimo. Akainua kichwa kuangalia.

"Eee! Ona! Haifike hata! Sasa miye nitaingia mule namna gani?" Na akachezesha vidole vya miguu.

Nilicheka. Machozi yalikuwa yanatiririka, kamasi pia, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka, maranda yamemjaa kwenye nywele. Kisha akanipa bukari iliyobaki mchana, nikala tonge juu ya tonge, akisimama juu yangu kuhakikisha. Nilipomaliza akanipa blanketi na chupa ya uji. "Peleka dispansari. Umuambie Nkambo wako arudie huku kidogo apumuzike. Weye utabakia na Solange."

Nikaenda. Nkambo Feliste akarudi nyumbani, mimi nikakaa kwenye kibao chake. Kesho yake asubuhi homa ilishuka, Solange akafungua macho, akaomba beignet, andazi la mafuta. Hakuomba maji, hakumwita mama. Beignet! Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baada ya siku nne mtoto yuko nyumbani, na tete halipo tena nyuma ya mlango.

Na Nkambo hakufa. Alipiga akodioni Bonane ile, na nyingine, na nyingine. Alitushonea nguo za ubatizo, za shule, za arusi. Alishika watoto wa Solange wote watatu, akawaimbia kwa sauti yake ile mbaya, nao wakanyamaza, sijui kwa kupenda au kwa mshangao. Ameondoka mwaka huu, mzee kabisa, kitandani kwake, na sanduku lake alilitengeneza kijana ambaye Nkambo mwenyewe alimfundisha kazi.

Basi siku ya mazishi familia ikasema mimi ndiye nitazungumza, kwa sababu ni mwalimu na siogopi watu. Nikasimama na kisa changu. Niliwaambia jinsi nilivyompima Solange bila kujua, jinsi alivyougua, jinsi Nkambo alivyolala chini na kuchezesha vidole. Nikawaambia: huyu alikuwa mtu huru. Katika mji ambapo msomi mwenye shahada anageuza gari kwa sababu paka mweusi amevuka njia, mzee wetu fundi hakuamini uongo wa tete, na hakuogopa. Alitaka mjukuu wake asiogope, akalicheka lile tete mpaka likaona haya. Nikasema kwamba mimi nimekuwa mwalimu wa hesabu kwa sababu ya siku ile. Watu walicheka, wakapiga makofi, Solange alicheka kuliko wote, hata padri alicheka. Nikarudi kukaa, kichwa kimevimba.

Mtu mmoja hakucheka. Nkambo Feliste alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, ananiangalia. Watu walipopungua alinipungia mkono.

"Mama, kuya hapa. Ukae."

Nikakaa kwenye mkeka.

"Ule muzee wenye ulisema pale mbele ya bantu," akasema, "miye simuyue. Miye niliolewa na mwingine."

Nilidhani ni uchungu unamsemesha. Nikamshika mkono. Akautoa.

"Ile siku ulikuya na uji, ukaniambia Donatien anasema nipumuzike. Shi unakumbuka? Nilirudia mbio, nilizania mutoto anakufa na yeye anataka kuniambia. Nikamukuta ananyoa ndevu. Anavaa chemise yake nyeupe ya kanisa. Anafunga mulango, ananiambia: Feliste, kwa mutoto nilicheza. Sasa tufanye ya kweli. Unipime."

"Lakini tete ilikuwa fupi, Nkambo."

"Njo nilimuambia. Nikamuambia, Donatien, haikufike, Mungu amekulinda, uiache. Akasema lufu hapana mujinga. Nikamuambia sipime. Nikamuambia utafute mwanamuke mwingine akupime, miye sipime bwana yangu. Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akaniambia: Feliste, mutoto ana miaka sita."

Akarekebisha kitambaa chake.

"Akalala ku upande," akasema. "Akakunja magoti. Nikaweka tete, bado miguu inapita. Akakunja tena. Akainamisha kichwa, akajikusanya sawa mutoto mu tumbo ya mama, mpaka akatosha. Akaniambia, tia chaki. Nikatia. Alikuwa anatetemeka, mama. Alitetemeka mpaka meno inagongana. Kisha akaamuka, akabeba ile tete, akaenda nayo makaburi na miguu, mu mvua."

"Na baadaye?"

"Baadaye nini? Alingojea. Kila asubui mbele ya kufungua macho alikuwa anajigusa uso. Vile." Akajigusa paji la uso, pua, mdomo, taratibu, kwa ncha za vidole. "Anaona kama angali."

"Mpaka lini, Nkambo?"

"Mpaka wakati mukono ilikataa kunyanyuka."

Nilikaa pale kwenye mkeka mpaka wanawake wakaanza kugawa chakula. Mambo yalikuwa yananijia moja moja. Januari ile Nkambo alinifundisha cherehani kama mtu anayefukuzwa. Nilitaka kwenda kucheza, yeye ananirudisha kwenye kiti: "Haraka, mama, haraka, uone namna ya kutia uzi." Siku moja nilimjibu vibaya, nikasema kuna haraka gani, cherehani haitakimbia. Akachomoa uzi, akanionyesha tena. Nilidhani uzee unamtia ukali, na nilimnunia wiki nzima.

Nilikuwa na hasira pia, niseme ukweli. Nilimkasirikia Nkambo Feliste kwa kuniharibia kisa changu kizuri. Nilimkasirikia Nkambo Donatien kwa kunidanganya. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na hesabu ambayo sikuweza kuikwepa. Asiyeamini tete akilala chini ya tete, ametoa dakika tano na mgongo wenye vumbi. Anayeamini akilala, akakunja magoti ili atoshe, huyo ametoa kila alichokuwa nacho. Tena baada ya hapo akaniachia mimi kicheko, akabaki na hofu peke yake, miaka yote ile, akishona, akiimba vibaya.

Siku ya kumaliza kilio, watu walipokusanyika tena, nilisimama bila kuitwa. Nikasema, "Siku ile niliwaambia mambo mawili ya uongo. Nilisema sikujua lile tete lilikuwa la nini. Nilijua. Na nilisema Nkambo hakuogopa. Aliogopa." Kisha nikawaeleza yote kama nilivyoelezwa kwenye mkeka. Hakuna aliyepiga makofi. Solange alikuwa anagawa bukari kwa wageni. Aliweka sahani chini, akaenda nyuma ya nyumba. Siku zote za kilio hakuwa amelia, alisema yeye ni mtu wa kazi, kulia atalia baadaye. Tulimsikia kutoka kule nyuma. Nkambo Feliste alituzuia tusimfuate.

Mimi sijaanza kuamini mambo ya tete. Naamini kwinini na serumu ndizo zilizomwamsha mdogo wangu, na wanafunzi wangu wakiniuliza, nawaambia hivyo hivyo, nawachorea na mbu ubaoni. Lakini juzi mmoja, kijana mwerevu kweli, aliyesikia kisa hiki kwa watu wa Hewa Bora, aliinua mkono akauliza kama basi babu yangu alikuwa mjinga. Nilimtoa darasani.